Mstari Mmoja Ndani ya Kompyuta: Jinsi Jina la Tovuti Linavyopata Anwani Yake

Mkazi wa Garissa anayehitaji pasipoti, leseni ya kuendesha gari au cheti cha mwenendo mwema haanzi safari yake kwenye kaunta ya ofisi siku hizi. Huanza kwa kuandika jina: ecitizen.go.ke. Tangu katikati ya mwaka 2023, zaidi ya huduma 5,000 za serikali zimewekwa kwenye jukwaa hilo. Mwenye simu ya intaneti huliandika jina kwenye simu yake. Wengine huenda saiba au huomba msaada wa kijana wa jirani mwenye kompyuta.

Kompyuta, hata hivyo, haifiki popote kwa jina. Hufika kwa nambari. Ni lazima kwanza ipate nambari inayolingana na jina lililoandikwa, na kabla ya kuuliza mtu yeyote kwenye intaneti husoma faili dogo lililomo ndani yake yenyewe, liitwalo hosts. Ikikuta jina humo, huichukua nambari iliyoandikwa mbele yake na haiulizi zaidi. Kwa hiyo mstari mmoja katika faili hilo una nguvu kuliko intaneti nzima, na anayeuandika ndiye anayeamua mtumiaji ataelekezwa wapi.

Somo hili linaeleza faili hilo lilivyo, jinsi shule inavyoweza kulitumia kwa manufaa, na jinsi mkazi anavyoweza kutambua kwamba limechezewa.

JINA NA NAMBARI

Mfano wa karibu ni orodha ya majina katika simu ya mkononi. Mfanyabiashara wa mifugo katika soko la Garissa hakariri nambari ya kila mteja wake wa Nairobi. Amehifadhi majina, na anapobonyeza jina simu hupiga nambari iliyohifadhiwa nalo. Simu haichunguzi ni nani atakayepokea. Mtu akiishika simu hiyo kwa dakika moja na kubadilisha nambari ya mteja mmoja, mwenye simu ataendelea kuona jina lilelile alilolizoea, lakini sauti itakayomjibu itakuwa ya mtu mwingine.

Katika mtandao, nambari hiyo huitwa anwani ya IP. Ile inayotumika zaidi katika mitandao midogo huandikwa kwa mafungu manne yanayotenganishwa na nukta, kila fungu likiwa kati ya 0 na 255, kwa mfano 192.168.1.10. Zipo pia anwani ndefu za aina mpya zinazotumia nukta pacha, kama vile ::1.

Kompyuta ikilikosa jina katika faili lake la hosts, huuliza seva za majina, yaani mfumo unaojulikana kwa kifupi kama DNS. Kwa jina linaloishia na .ke, swali hupelekwa kwenye seva zinazosimamiwa na KeNIC, taasisi inayotunza majina ya Kenya, na kutoka hapo huelekezwa kwa seva za mwenye jina. Kazi hiyo yote huchukua muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na kwa kawaida mtumiaji hajui kwamba imefanyika.

FAILI HILI LILITOKA WAPI

Faili la hosts ni kongwe kuliko tovuti zenyewe. Miaka ya 1970, mtandao wa utafiti wa Marekani ulioitwa ARPANET ulikuwa na kompyuta chache kiasi kwamba majina yote yaliweza kuandikwa katika faili moja, HOSTS.TXT. Faili hilo lilitunzwa katika taasisi ya utafiti ya SRI huko California, na kituo kilicholitunza kiliongozwa na Elizabeth Feinler. Aliyetaka kuongeza kompyuta mtandaoni aliwasiliana na kituo hicho, jina likaandikwa, na kompyuta nyingine zote zikachukua nakala mpya.

Kompyuta zilipoongezeka, orodha moja haikutosha tena. Ilikua ndefu, ilichelewa kuwafikia watu, na majina yalianza kugongana. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alibuni mfumo wa DNS, ambao unagawa kazi hiyo kwa seva nyingi, kila moja ikitunza sehemu yake. Jina la Kenya, .ke, liliingizwa katika mfumo huo mwaka 1993.

Faili la zamani halikuondolewa. Limebaki katika karibu kila kompyuta, na bado ndilo linalosomwa kwanza.

LILIPO NA LINAVYOSOMWA

Katika kompyuta ya Windows, faili linapatikana hapa:

C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts

Katika Linux, ikiwemo Ubuntu inayotumiwa katika maabara nyingi za vyuo, linapatikana hapa:

/etc/hosts

Ni faili la maandishi matupu. Halina picha wala rangi, na jina lake halimalizii na .txt. Likifunguliwa katika kompyuta ya Ubuntu ya maabara ya shule linaweza kuonekana hivi:

127.0.0.1       localhost
127.0.1.1       lab-01
::1             localhost
# Seva ya masomo, chumba cha walimu
192.168.1.10    maktaba.test    maktaba

Kila mstari huanza na nambari, kisha nafasi, kisha jina. Majina yanaweza kuwa zaidi ya moja kwa nambari moja, kama mstari wa mwisho unavyoonyesha: anayeandika maktaba.test na anayeandika maktaba wote watafika mahali pamoja. Mstari unaoanza na alama ya # ni maelezo ya binadamu, na kompyuta huupita bila kuusoma.

Mstari wa kwanza huwashangaza wengi. Anwani 127.0.0.1 humaanisha "kompyuta hii hii", na jina lake ni localhost. Programu mbili zilizo ndani ya kompyuta moja huitumia kuzungumza bila kutoka nje. Mstari wa ::1 una maana hiyohiyo kwa anwani za aina mpya. Mistari hii haifai kufutwa.

Mstari wa pili ni jina la kompyuta yenyewe. Ubuntu huhifadhi jina la kompyuta katika faili jingine, /etc/hostname, na kulirudia katika faili la hosts mbele ya 127.0.1.1. Fundi akibadilisha jina katika faili moja na kusahau la pili, kompyuta inaweza kulalamika kwamba haijui jina lake kila anapotoa amri ya msimamizi. Dawa ni kuhakikisha majina hayo mawili yanafanana herufi kwa herufi.

Katika Windows mpya, mkazi akifungua faili na kukuta mistari yote inaanza na #, asishtuke. Hivyo ndivyo faili safi la Windows linavyokuja, kwa sababu mfumo wenyewe unalijua jina localhost bila kuandikiwa.

MATUMIZI MEMA: MAABARA YA SHULE ISIYO NA INTANETI

Mpango wa kitaifa wa elimu ya kidijitali ulioanza kufika katika shule za msingi za umma mwaka 2016 haukuleta vishikwambi vya wanafunzi pekee. Ulileta pia seva ya masomo iliyounganishwa na ruta, ili wanafunzi wasome hata pale ambapo hakuna intaneti. Zipo pia programu za bure kama Kolibri, zinazoiwezesha kompyuta moja kuhifadhi video, vitabu na mazoezi na kuvigawa kwa kompyuta nyingine za chumba hicho.

Kwa shule zilizo mbali na Mji wa Garissa mpangilio huu una faida kubwa: intaneti ikikatika, masomo hayakatiki. Tatizo ni moja. Bila intaneti, DNS ya nje haipatikani, na wanafunzi hulazimika kuandika nambari. Mtoto wa darasa la nne akikosea tarakimu moja tu katika 192.168.1.10, hafiki popote.

Hapo ndipo faili la hosts linapokuwa na faida. Mfano ni maabara yenye kompyuta 20 na seva moja. Mwalimu hufuata hatua hizi:

1. Kuipa seva anwani isiyobadilika. Ruta nyingi hugawa anwani zenyewe, na kifaa kinaweza kupata anwani tofauti kinapowashwa tena. Seva ikipata 192.168.1.10 leo na 192.168.1.14 kesho, mstari wa hosts utakuwa unaelekeza kwenye nyumba ambayo mwenyewe amehama. Anwani ya kudumu huwekwa katika mipangilio ya ruta au ya seva yenyewe.

2. Kuchagua jina lisilo la mtu mwingine. Mwisho wa .test ulitengwa kimataifa kwa ajili ya majaribio, na hakuna atakayeuziwa. Jina kama maktaba.test haliwezi kugongana na tovuti ya mtu. Si vizuri kujichukulia jina linaloishia na .ke ambalo shule haijalisajili.

3. Kulifungua faili kama msimamizi. Katika Windows, programu ya Notepad hufunguliwa kwa ruhusa ya msimamizi, kisha faili hutafutwa ndani yake kwa kuchagua kuona mafaili yote. Katika Ubuntu, amri ni sudo nano /etc/hosts.

4. Kuhifadhi nakala ya faili la awali kabla ya kubadilisha herufi yoyote.

5. Kuongeza mstari mmoja mwishoni: 192.168.1.10 maktaba.test maktaba. Huandikwa nambari na jina tu. Neno http:// haliwekwi, wala alama ya mkwaju, wala nambari ya mlango kama :8080. Seva inayotumia mlango maalumu, nambari hiyo huandikwa na mwanafunzi kwenye kivinjari baada ya jina.

6. Kujaribu. Amri ping maktaba.test inapaswa kuonyesha 192.168.1.10. Kompyuta ya Windows ikiendelea kukumbuka jibu la zamani, amri ipconfig /flushdns huifanya isahau.

Mstari huo huandikwa katika kila moja ya kompyuta 20, kwa kuwa faili la hosts huitumikia kompyuta lilimo tu. Maabara yenye vifaa vingi zaidi, au vishikwambi ambavyo faili hili haliwezi kubadilishwa kwa urahisi, hufaidika zaidi na ruta inayoweza kutunza majina yenyewe.

Kosa linalotokea mara nyingi ni Notepad kulihifadhi faili kwa jina la hosts.txt. Kompyuta haitalisoma. Mwalimu anayeona mstari wake haufanyi kazi aanze kwa kuangalia jina la faili.

MATUMIZI MABAYA: MSTARI WA MWIZI

Nguvu ileile inayomsaidia mwalimu inaweza kumsaidia tapeli. Mtu mwenye ruhusa ya msimamizi katika kompyuta, au programu hasidi aliyoipakua mtumiaji bila kujua, anaweza kuongeza mstari kama huu:

203.0.113.25    ecitizen.go.ke

Anwani hiyo imetengwa kwa mifano ya vitabuni na haielekezi popote, lakini tapeli angeweka anwani ya seva yake. Kuanzia hapo, kila atakayekaa kwenye kompyuta hiyo na kuandika jina sahihi, bila kukosea herufi, atapelekwa kwenye seva ya tapeli. Ushauri uliozoeleka kwamba mtu asome jina la tovuti kwa makini hautamwokoa, kwa sababu jina analoliona ni la kweli. Kilichobadilika ni nambari.

Jambo hili si la kufikirika. Mwanzoni mwa mwaka 2004, virusi vya MyDoom katika toleo lake la pili viliandika mistari katika faili la hosts la kompyuta vilizoziingia, ili wenye kompyuta wasiweze kufika kwenye tovuti za Microsoft na za kampuni za kinga dhidi ya virusi. Mgonjwa alifungiwa njia ya kwenda hospitali. Programu nyingine zilizofuata zilitumia mbinu hiyohiyo kuwaelekeza watu kwenye kurasa bandia za benki.

Kinga kubwa iliyopo ni cheti cha usalama cha tovuti. Anayetuma pesa kwa M-Pesa huoneshwa jina la mpokeaji kabla ya kukamilisha, na jina likiwa geni husitisha. Vivyo hivyo, kivinjari kama Chrome au Firefox kinapofika kwenye tovuti inayoanza na https hudai cheti kinachothibitisha kwamba seva ile ndiyo mwenye jina. Seva ya tapeli haina cheti halali cha ecitizen.go.ke, kwa hiyo kivinjari huonyesha ukurasa wa onyo unaosema muunganisho si salama.

Onyo hilo ndilo watu wengi hulipita. Foleni ni ndefu, dakika za saiba zinahesabiwa, na mhudumu anasema, "Bonyeza tu kuendelea." Kwa tovuti yoyote inayodai nenosiri, nambari ya kitambulisho au malipo, jibu sahihi ni kufunga ukurasa. Mkazi anayebonyeza kuendelea anakuwa amemkabidhi asiyemjua kitambulisho chake, na pengine cha mzazi wake, na cha mtoto anayemtafutia cheti cha kuzaliwa.

JINSI YA KUKAGUA

Tovuti ikionyesha onyo, ikikataa kufunguka au ikionekana tofauti na kawaida, ukaguzi huu huchukua dakika chache.

Kwanza, tovuti hiyohiyo ifunguliwe kwenye simu inayotumia data yake, si Wi-Fi ya mahali pale. Ikifunguka vizuri kwenye simu na kukataa kwenye kompyuta, kosa huenda liko ndani ya kompyuta au katika mtandao wa chumba hicho. Ikikataa kila mahali, tatizo liko kwa mwenye tovuti. Julai 2023, eCitizen iliposhambuliwa kwa kumiminiwa maombi mengi kupita uwezo wake, huduma zilikwama kote nchini. Siku kama hiyo hakuna sababu ya kulaumu faili la hosts la Garissa.

Pili, faili lifunguliwe na kusomwa. Kulisoma hakuhitaji kubadilisha chochote. Katika kompyuta ya nyumbani ambayo hakuna fundi aliyeipanga, hapatakiwi kuwa na jina la benki, la serikali, la barua pepe wala la kampuni ya simu. Mstari wowote wenye jina kama hilo ni wa kutiliwa shaka. Faili lisomwe hadi chini kabisa, kwani wenye hila huacha mistari mitupu mingi ili mstari wao usionekane.

Tatu, amri mbili zilinganishwe. Amri ya ping hulitumia faili la hosts, lakini katika Windows nslookup huuliza DNS moja kwa moja. Zikitoa nambari tofauti kwa jina moja, faili likaguliwe. Tofauti peke yake si ushahidi, kwa kuwa tovuti kubwa huwa na nambari nyingi. Kinachothibitisha ni mstari wenyewe.

Ukipatikana mstari usioeleweka, ni vyema kuupiga picha kwanza, kisha kuweka # mwanzoni mwake badala ya kuufuta, na kuichunguza kompyuta yote kwa programu ya kinga. Aliyeuandika anaweza kuwa bado yumo na kuuandika tena. Nenosiri lililowahi kutumiwa kwenye kompyuta hiyo libadilishwe kutoka kifaa kingine kilicho salama.

WAJIBU WA MWENYE SAIBA

Faili la hosts haliwezi kubadilishwa bila ruhusa ya msimamizi. Mwenye saiba anayewaacha wateja watumie akaunti ya msimamizi ameacha mlango wazi. Kila kompyuta inafaa iwe na akaunti mbili: moja ya msimamizi yenye nenosiri analolijua mwenyewe, na moja ya kawaida kwa wateja. Kulikagua faili la hosts kila wiki, pamoja na kusasisha mfumo na kinga ya virusi, ni kazi ndogo ikilinganishwa na sifa mbaya ya mteja mmoja aliyeibiwa pesa akiwa kwenye kiti chake.

Kuingilia kompyuta ya mtu bila idhini na kuwanasa watu kwa tovuti bandia ni makosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018. Aliyeathirika anaweza kupiga ripoti kwenye kituo cha polisi kilicho karibu. Matukio ya mtandaoni hupokewa pia na kituo cha kitaifa cha KE-CIRT kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

ZOEZI

1. Katika mstari 192.168.1.10 maktaba.test maktaba, nambari ni ipi na majina ni mangapi?

2. Mwalimu ameandika http://maktaba.test katika faili la hosts na jina halifanyi kazi. Amekosea wapi?

3. Mteja ameandika jina la benki yake sawasawa, na kivinjari kimeonyesha onyo la usalama. Afanye nini?

Majibu: (1) Nambari ni 192.168.1.10, na majina ni mawili yanayofika mahali pamoja. (2) Faili hupokea nambari na jina pekee, kwa hiyo http:// iondolewe. (3) Aufunge ukurasa bila kuandika nenosiri, aijaribu tovuti kwenye simu yenye data yake, kisha faili la hosts la kompyuta ile lisomwe hadi mstari wa mwisho.